Jinsi ya kuifanya Mark X itulie kwenye kona bila kukuvunja mgongo kwenye mashimo

Ingia chini ya Mark X, hata ile iliyochoka, umulike kwa tochi. Mbele, kila gurudumu limeshikwa na mkono wa juu na mkono wa chini. Nyuma kuna mikono mingi myembamba, kila mmoja na kazi yake: huu unazuia gurudumu lisisogee nyuma, ule lisilale, mwingine lisigeuke lenyewe. Nguvu ya injini inakwenda nyuma, kwa hiyo magurudumu ya mbele yameachiwa kukata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Hii ni kazi ya wahandisi waliotaka dereva afurahi na abiria asilalamike.

Toyota walianza kuiuza Novemba 2004 ichukue nafasi ya Mark II, wakaleta toleo la pili Oktoba 2009, wakafunga uzalishaji Desemba 2019. Hesabu mwenyewe: Mark X ya kwanza, hii GRX120 iliyojaa mitaani kwetu, hata ile changa kabisa imeshapita miaka 15. Chuma chake bado kizima. Raba zake ndizo zilizokufa.

Na hapo ndipo tunapokosea wengi wetu. Tunanunua springi za kushusha, au spesa za kuinua, au rimu za inchi 19, tunavifunga juu ya bushi (zile raba za viungo vya mikono) zilizochanika na shokapu zilizomwaga mafuta, kisha tunashangaa gari linayumba. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mwingine: kwanza rudisha gari lilivyotoka kiwandani, ndipo uongeze, tena kidogo. Ukifanya hivyo utagundua kwamba kutulia kwenye kona na ulaini kwenye mashimo havigombani. Vyote viwili vinatokana na tairi kubaki imegusa barabara. Tairi iliyoruka hewani haikati kona wala haifungi breki, na ikirudi chini inapiga, na pigo hilo ndilo linalofika mgongoni kwako.

Naandika kuhusu Mark X kwa sababu ndiyo ninayoendesha na ndiyo niliyoishika kwa mikono yangu, hapa Dar es Salaam, gari la 2.5 lenye uzito wa karibu kilo 1,500. Mwenye Altezza au Crown Athlete anaweza kufuata hatua zilezile, ila vipimo atumie vya gari lake.

Kabla ya yote: pima na uandike

Tafuta daftari na futi ya kupimia. Egesha gari mahali tambarare kabisa, tangi liwe nusu, ndani asiwepo mtu, buti liwe tupu. Lisukume mbele na nyuma kidogo ili sasipensheni ikae vizuri. Sasa pima kutoka katikati ya gurudumu, pale penye kifuniko cha rimu, wima hadi ukingo wa bodi juu yake. Usipimie kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Andika vipimo vinne kwa milimita.

Langu lilisoma 365 mbele kushoto na 352 mbele kulia. Tofauti ya milimita 13, upande wa dereva ukiwa umelala. Miaka mingi ya mtu mmoja kuendesha peke yake ilikuwa imeandikwa kwenye springi, na mimi nilikuwa nikilaumu usukani kwa kuvuta upande mmoja. Vitunze vipimo hivyo, vitahitajika zaidi ya mara moja huko mbele.

Kisha chagua njia yako ya majaribio, kilomita kumi hivi, ambayo utaipita kila baada ya badiliko moja. Iwe na matuta, kipande cha vumbi chenye mawimbi, kona moja ndefu unayoijua na lami iliyonyooka. Mimi napita pia viungo vya Daraja la Kigamboni, kwa sababu pale pigo ni kali, fupi, na halibadiliki wiki hadi wiki. Endesha kwa mwendo wa halali, madirisha yamefungwa, redio imezimwa. Andika unachosikia kwa maneno yako: "linagonga ko-ko mbele kushoto kwenye tuta dogo", "linanesa mara tatu baada ya tuta kubwa", "nyuma linaelea ukibadilisha njia". Usiandike tu kwamba gari ni baya, neno hilo halitakuonyesha bolti ya kufungua.

Hatua ya 1: Soma tairi zako na uweke upepo sahihi

Hatua hii haina gharama, na kuna watu itawamalizia tatizo lote. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo. Upepo umeandikwa kwa kilopaskali, kwa sababu gari limetoka Japani, na fundi wa tairi pale kona anajaza kwa PSI. Kilopaskali 100 ni PSI 14.5, kwa hiyo 230 ni kama PSI 33. Akikuuliza "nijaze ngapi, bosi?" usimjibu "jaza kawaida". Kwake kawaida ni 40, kwa sababu ndivyo tairi inavyoonekana imesimama vizuri. Tairi yenye 40 kwenye gari hili ni mpira wa kikapu: inaruka juu ya kokoto badala ya kuzimeza. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, na ununue geji yako mwenyewe.

Halafu pitisha kiganja juu ya tairi. Ikiwa imeliwa upande wa ndani huku wa nje ukiwa mzima, tatizo ni bushi au alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu). Ikiwa imeliwa katikati, upepo ulizidi. Ikiwa ina mabonde unayoyasikia mkononi kama ngazi, shokapu haizuii tena. Mwisho tafuta tarakimu nne ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi ya mtumba yenye kashata (meno) nzuri lakini ya miaka kumi imekuwa ngumu kama plastiki, na mvua ikinyesha utaijua.

Lakini usinunue tairi mpya leo. Ukizifunga kabla ya kurekebisha bushi zitaliwa kabla hujamaliza kuzifurahia.

Hatua ya 2: Bushi na viungo, hapa ndipo penye siri

Nyanyua gari kwa jeki, uweke stendi za chuma. Tofali la saruji si stendi, linaweza kupasuka bila onyo, na watu wamefia chini ya magari kwa tofali. Stendi zikishakaa, tikisa gari kabla hujaingia.

Shika gurudumu kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, angalia tairodi, fito ya usukani inayogeuza gurudumu. Lishike juu na chini, ulitikise tena. Likicheza hapo, ni beringi au boljointi, kile kiungo cha mpira wa chuma kwenye ncha ya mkono. Ila kuna mtego: kwenye Mark X shokapu na springi vinasukuma mkono wa chini, kwa hiyo gurudumu likining'inia boljointi ya chini inabanwa na inaweza kujificha. Weka jeki ya pili chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, uinue kidogo hadi springi ibanwe, ndipo utikise. Boljointi ikicheza hapo usiahirishe. Ikichomoka, gurudumu linalala na gari haliongozeki tena.

Sasa chukua mtaimbo mfupi na upenyeze kati ya mkono na sabfremu (fremu ndogo inayoshika mikono chini ya bodi), usukume taratibu. Bushi nzima inapinda kidogo na kurudi. Bushi iliyokufa inafunguka na kuonyesha mpasuko. Ile ninayoikuta imechanika mara nyingi kuliko zote ni bushi kubwa ya mkono wa chini wa mbele, ule ambao mafundi wengi huuita wishboni. Ikichanika, kila unapokanyaga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo na kugeuka kidogo. Wewe unaona usukani "unatafuta njia". Hakuna springi ya bei yoyote itakayoponya hilo.

Nenda nyuma ufanye vivyo hivyo kwa kila mkono. Ndiyo, ni mingi, na kila bushi moja ikilegea kidogo, jumla yake ni gari linalotikisa mkia. Linki za stabilaiza, ile fito ya kuzuia gari lisilale kwenye kona, ziangalie mwisho: ni za bei ndogo, na zile kelele za ko-ko kwenye kokoto mara nyingi ni zao.

Ununue nini? Pale Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, utaonyeshwa bushi mpya, mikono ya mtumba kutoka Japani, na bushi za poliurethani zenye rangi nyekundu au njano. Ushauri wangu ni raba ya kawaida iliyo mpya, ya kampuni inayoaminika. Mkono wa mtumba una raba ya umri uleule na yako. Poliurethani inafaa gari la mashindano, lakini bushi za nyuma za Mark X zimekusudiwa kupinda kwa pande kadhaa kwa wakati mmoja, na ile plastiki ngumu inakataa. Matokeo ni mlio wa kitanda cha zamani, na kila kokoto inaingia ndani ya gari.

Hapa nataka ukae nami kidogo, maana jambo hili liliniuma. Nilibadilisha bushi zote za mbele kwenye gereji moja, nikalipa vizuri, na baada ya miezi minne zilikuwa zimechanika tena. Nilidhani nimeuziwa feki. Siyo. Zilifungwa vibaya.

Bushi ni mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, na katikati raba iliyogandishwa kwa yote mawili. Haizunguki kama beringi. Mkono ukipanda na kushuka, raba ndiyo inayojinyonga. Bolti inapokazwa, inalibana bomba la ndani lisisogee kabisa, na pale ilipokazwa ndipo raba inapohesabu kuwa ni mahali pa kupumzika. Fundi akikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yamening'inia, basi raba inapumzika gari likiwa hewani. Ukishusha gari, raba imeshanyongwa kabla hujaondoka hata mita moja, na inabaki imenyongwa usiku na mchana. Kila tuta linaongeza. Gari pia linakuwa gumu bila sababu, kwa sababu bushi nane zimegeuka springi ambazo hakuna aliyezipanga.

Dawa ni rahisi. Funga bolti zote kwa mkono tu, zishike lakini zisibane. Kisha ama shusha gari chini juu ya shimo la gereji, ulinesenese, na ukaze likiwa limesimama kwa uzito wake, ama uinue mkono kwa jeki hadi kipimo cha katikati ya gurudumu na ukingo wa bodi kirudi kwenye namba iliyoko kwenye daftari lako, ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Simama hapo hapo fundi anapofanya. Mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba tukaze gari likiwa chini." Fundi mzuri atafurahi kwamba unajua, na asiyejua ataanza kujua siku hiyo.

Bolti za sabfremu zikague kwa spana ya toki pia, hasa kama injini au gia boksi imewahi kushushwa.

Hatua ya 3: Shokapu

Springi inabeba gari. Shokapu inalituliza. Ndani yake kuna pistoni inayosukumwa kwenye mafuta kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya kunesa inageuka joto. Ndiyo maana kuna kipimo kizuri kuliko kule kubonyeza bodi kwa mikono: endesha robo saa kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, simama, ushike mwili wa kila shokapu kwa tahadhari, mbali na breki na eksozi. Inayofanya kazi itakuwa na uvuguvugu. Iliyobaki baridi imekaa tu, kazi haifanyi. Iliyolowa mafuta mwili mzima huhitaji hata kuishika.

Badilisha kwa jozi, mbele mbili au nyuma mbili, kamwe usibadilishe moja. Shokapu za gesi za Kayaba zenye ugumu wa kawaida zinalifaa gari hili kwa barabara zetu. Shokapu "za sporti" ngumu sana zitakupa hisia ya gari la kasi kwenye lami mpya na zitakunyang'anya mshiko pale lami inapoanza kuchimbika, kwa sababu haziruhusu gurudumu kushuka haraka ndani ya shimo na kutoka. Kabla ya kununua fungua boneti uangalie juu ya shokapu: ukikuta waya, gari lako lina shokapu zinazoendeshwa kwa umeme, na ukifunga za kawaida ule mfumo umeuondoa. Amua hilo mapema, si mbele ya kaunta.

Pamoja na shokapu nunua maunti za juu (vile vishikio vinavyoifunga shokapu kwenye bodi), kava za vumbi na bampa za ndani, zile raba laini za sponji zinazokaa kwenye fimbo ya shokapu. Kwenye gari la umri huu ukizigusa zinasagika kama keki iliyokauka. Mafundi wengi huzitupa na kusema hazina kazi. Zina kazi kubwa: ndizo zinazopokea gari springi inapokaribia mwisho, zikilizuia kidogo kidogo badala ya chuma kugonga chuma.

Kubana springi kunahitaji kifaa chake, na chenye meno mazima. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono au shingo. Kama gereji inatumia waya na kumwomba Mungu tu, ondoka.

Hatua ya 4: Springi, na ule mjadala wa spesa

Kila mwenye Mark X ameambiwa aweke spesa, kwa sababu ya matuta. Naelewa, hata mimi langu lilikuwa linakwaruza tumbo kwenye tuta la mtaani kwetu. Lakini kabla ya kuamua, rudi kwenye daftari. Je, gari lako liko chini kwa sababu lilitengenezwa chini, au kwa sababu springi zimelala? Springi mpya za kawaida zilinirudishia milimita 12 mbele kulia na moja tu kushoto. Tumbo likaacha kukwaruza. Wakati mwingine kuinua gari ni kulirudisha tu mahali pake.

Spesa inafanya nini hasa? Ile ya alumini au raba nene inayokaa juu ya maunti inasukuma shokapu nzima chini. Mkono wa chini unainama, boljointi inakaa kwa pembe ambayo haikukusudiwa, na safari ya gurudumu kushuka inapungua kwa sababu limeshashuka nusu ya njia. Ukivuka tuta utasikia "tap" kutoka juu: shokapu imefika mwisho wa urefu wake. Kitovu cha uzito wa gari nacho kimepanda juu, kwa hiyo linalala zaidi kwenye kona. Zile raba za kupachika katikati ya mizunguko ya springi ni mbaya zaidi, maana zinazuia mizunguko kadhaa isifanye kazi na springi inakuwa ngumu mahali pamoja tu. Ukilazimika, spesa nyembamba ya milimita 10 hadi 15, pembe zote nne, na alaimenti mara moja baadaye. Zaidi ya hapo unajenga gari jingine.

Kukata springi ni kosa hilohilo kwa upande wa pili. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi: ikiwa na sita na ukaukata mmoja, imeongezeka ugumu kwa asilimia 20, na wakati huohuo umeipunguzia nafasi ya kubonyea. Ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kitako chake. Kama kweli unataka kushusha, nunua springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zinazoshusha milimita 20 hivi na si zaidi, na ukubali kuzunguka baadhi ya mitaa.

Usibadilishe mbele peke yake au nyuma peke yake. Magari mengi ya abiria hunesa kati ya mara 1 na 1.5 kwa sekunde, na katika miaka ya 1930 mhandisi Maurice Olley, Mwingereza aliyefanya kazi General Motors, alionyesha kwamba nyuma inapaswa kunesa haraka kidogo kuliko mbele. Mbele ndiyo inayokutana na tuta kwanza. Nyuma inachelewa, lakini kwa kuwa ni ya haraka inaikuta mbele, na gari zima linapanda na kushuka pamoja badala ya kubembea kama mtumbwi. Wahandisi wa gari lako walipanga uwiano huo. Springi ngumu za mbele tu zinauvunja, na abiria wa nyuma ndiye anayetapika.

Hatua ya 5: Alaimenti

Endesha wiki moja ili springi na bushi zikae, ndipo uende. Mwambie fundi kabla hajaanza kwamba unataka nyuma ianze, kisha mbele, kwa sababu Mark X inarekebishika kote kuwili. Wengi hugusa tairodi za mbele tu, usukani ukinyooka wanakuambia tayari. Kama mashine haina Mark X kwenye orodha yake, tafuta Reiz, ni gari hilihili lililouzwa China.

Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mimi naanza hapa: mbele magurudumu yachunguliane (ncha zake za mbele zielekeane ndani) kwa milimita 1 kwa jumla, au yawe sawa kabisa, nyuma yachunguliane milimita 2 hadi 3, hilo ndilo linalofanya mkia utulie ukibadilisha njia kwenye Barabara ya Morogoro. Mlalo wa magurudumu kuingia ndani kwa juu uwe kati ya nusu digrii na digrii moja mbele, kushoto na kulia vikaribiane. Ukizidisha mlalo ili gari "lionekane sporti" litakula tairi upande wa ndani na breki zitapungua.

Hatua ya 6: Sasa tairi na rimu

Mark X hii ya kwanza ilikuja na 215/60R16, na za S Package, toleo la kisporti, zikaja na 225/45R18. Ubavu wa tairi ya kwanza una urefu wa milimita 129, wa pili 101. Milimita hizo 28 ni mto wa bure kati yako na shimo. Inchi 18 inajibu usukani haraka zaidi, sikatai, ila mimi nimebaki na 215/55R17: ubavu wa milimita 118, na kipenyo chote kinatofautiana na cha inchi 16 kwa chini ya asilimia 1, kwa hiyo spidi mita haidanganyi. Ni njia ya kati niliyoridhika nayo.

Pima rimu kwa kuinyanyua. Kilo zinazokaa upande wa gurudumu hazibebwi na springi, na shokapu ndiyo inayohangaika kuzizuia kila shimo. Rimu nzito ya inchi 19 inafuta nusu ya kazi uliyofanya hadi hapa. Hakikisha pia tundu la katikati linashika kitovu cha milimita 60.1. Likiwa kubwa, weka ringi za kujazia, vinginevyo usukani utatetemeka ukipita kilomita 90 na balansi mia hazitasaidia.

Hatua ya 7: Stabilaiza na vyuma vya kukaza bodi

Hapa pita taratibu. Stabilaiza ni fito inayounganisha kushoto na kulia ili gari lisilale kwenye kona, na ugumu wake unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, mara nne mfululizo: kutoka milimita 25 hadi 27 ni ongezeko la asilimia 36. Inaonekana kama zawadi. Lakini fito hiyohiyo inapeleka shimo la upande mmoja hadi upande wa pili, na kichwa chako kinayumba kushoto na kulia. Nyuma usiweke nene kabisa. Gari hili linasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na kwenye mvua za masika mkia utakutangulia.

Chuma cha kuunganisha juu ya shokapu za mbele hakina madhara, ila kwenye gari lenye mikono miwili kila upande manufaa yake ni madogo. Toyota wenyewe walipotengeneza Mark X GRMN ya 2019, toleo maalumu la kisporti la magari 350 tu, waliongeza pointi 252 za kuchomelea bodi, na shokapu wakazipanga upya. Bodi isiyojipinda inaiachia springi kazi yake, hata springi ikiwa laini. Wewe huwezi kuchomelea pointi 252 uani, lakini unaweza kuangalia kama bodi lako limewahi kugongwa na kunyooshwa, na kama maunti za sabfremu bado zina raba.

Rudi njiani

Pita ile njia ya kilomita kumi, mwendo uleule, upepo uleule, daftari kitini. Pima tena pembe nne. Langu sasa linasoma 366 mbele kushoto na 364 mbele kulia. Kwenye tuta kubwa linanesa mara moja na kutulia. Viungo vya daraja navisikia masikioni tu, mikononi havifiki. Kwenye ile kona ndefu, mwendo uleule wa mwanzo, usukani naugeuza mara moja na kuuacha hapo hapo, silifuati gari tena kwa marekebisho madogo madogo.

Baada ya kilomita 1,000 rudia kukagua bolti zote ulizogusa, na kila kilomita 10,000 pitisha kiganja juu ya tairi.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mkwe Morogoro. Huwa hakai nyuma ya gari langu bila kushika kile kishikio cha juu ya mlango. Tulipofika Kibaha alikuwa ameshakiachia, na Chalinze ilibidi nimwamshe anywe chai.